Kuongeza Harufu ya Hopsi Katika Bia ya Chupa Nyumbani

Bia za lager zinazonywewa zaidi Afrika Mashariki, kama vile Tusker, Kilimanjaro, Safari na Primus, hutengenezwa ziwe nyepesi, safi na za kuburudisha, na mtu anayeinusa glasi yake kabla ya kunywa hukutana na harufu ya nafaka zaidi kuliko ya hopsi. Hiyo si kasoro. Kwa anayetaka kujua hopsi inanukiaje hasa, wepesi huo ni faida, kwa sababu bia yenye ladha tulivu haifichi kile kinachoongezwa ndani yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchukua bia ya kawaida ya dukani, kuifungua, kuitia hopsi kidogo na kuifunga tena, bila mtambo wa kutengenezea bia na bila kuchachua chochote. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kuipata harufu ni rahisi. Kazi kubwa ni kuilinda bia isiharibiwe na hewa wakati chupa iko wazi, na kuizuia isimwagike yote kwa povu.

Hopsi na mafuta yake

Hopsi ni maua ya kike ya mmea unaotambaa, ambao wataalamu wa mimea huuita Humulus lupulus. Maua hayo yana umbo la koni ndogo za kijani, na chini ya magamba ya kila koni mna chembe za unga wa manjano unaonata, yaani lupulini. Humo ndimo zilimo asidi za alfa, ambazo ndizo chanzo cha uchungu wa bia, pamoja na mafuta yenye harufu. Asidi hizo haziyeyuki vizuri wala hazina uchungu wa kutosha mpaka zichemshwe na kubadilika umbo, kazi ambayo kiwandani huchukua kama saa moja. Mafuta yana tabia iliyo kinyume kabisa: ni kidogo mno, takriban asilimia 0.5 hadi 3 ya uzito wa koni kavu, na yakichemshwa kwa muda huo mengi hutoka na mvuke. Ndiyo maana bia inaweza kuwa na uchungu wa hopsi lakini isiwe na harufu yake. Watengenezaji wa Uingereza walilitatua tatizo hilo zamani kwa kutia koni kavu ndani ya pipa la bia iliyokwisha kuchachuka, bila moto wowote, na tutakachofanya hapa ni kitendo hichohicho kwa kipimo cha chupa moja.

Mmea huu haustawi kirahisi karibu na ikweta, kwa kuwa unahitaji siku ndefu za kiangazi ili uchanue na majira ya baridi ili upumzike. Wapishi wa mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Kilimanjaro, ambao hawakuwa na hopsi, walipata uchungu wao kutoka kwenye gome la msesewe, na kazi wanaifanya vizuri mpaka leo. Hopsi yenyewe itabidi iagizwe. Maeneo makubwa yanayoilima ni bonde la Yakima katika jimbo la Washington nchini Marekani, Hallertau nchini Ujerumani na Žatec katika Jamhuri ya Cheki. Lililo karibu nasi zaidi ni George, katika jimbo la Rasi ya Magharibi nchini Afrika Kusini, ambako wakulima walilazimika kuzalisha aina zinazovumilia siku fupi. Mojawapo ya aina hizo, Southern Passion, ina harufu ya pasheni na mapera, na msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ataitambua mara moja. Kwa anayeanza, aina nyingine tatu zinatosha. Cascade, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, hunukia balungi na maua. Citra huleta embe, pasheni na ganda la ndimu. Saaz ya Kicheki ni ya upole, yenye harufu ya majani na viungo, na ndiyo inayoelewana zaidi na bia za lager, kwa sababu lager za asili za nchi hiyo zilijengwa juu yake.

Nunua hopsi iliyosagwa na kushindiliwa kuwa tembe, iliyofungwa katika mfuko wa karatasi ya fedha usio na hewa, na usome mwaka wa mavuno ulioandikwa juu yake. Koni kavu zinazouzwa na wafanyabiashara wa mitishamba kama dawa ya usingizi hazifai kwa kazi hii. Mara nyingi zimekaa wazi kwa muda mrefu, na hopsi iliyozeeka hutoa harufu ya jibini au soksi ambayo bia haiwezi kuificha. Unapoufungua mfuko, vunja tembe moja kati ya vidole na uinuse. Ikiwa haikupendezi mkononi, haitakupendeza kwenye glasi.

Kuchagua bia na kukusanya vifaa

Chagua bia nyepesi iliyo ndani ya chupa ya kahawia. Rangi ya chupa si urembo: mwanga wa jua, na hata wa taa kali, huvunja viini vya uchungu vya hopsi na kuzalisha harufu mbaya yenye salfa, na kioo cha kijani au cheupe hakizuii mwanga huo vya kutosha. Bia za stauti na zile tamu sana ziache kwa sasa. Angalia pia chini ya chupa. Ukiona tope jembamba la hamira, bia hiyo ina hamira hai, nayo ina masharti yake ambayo tutayaeleza mbele. Kwa majaribio ya kwanza, bia iliyochujwa na kupitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, kama zilivyo lager nyingi za viwanda vikubwa, ndiyo salama zaidi.

Kifaa muhimu kuliko vyote ni mizani ndogo ya aina inayotumiwa na masonara, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kwa kuwa tofauti ya nusu gramu katika chupa ya mililita 500 huonekana wazi na mizani ya jikoni haiioni. Utahitaji pia visoda vipya na mashine ya mkono ya kuvigongea, kwa sababu kisoda kilichokwisha kufunguliwa kimepinda na hakizuii gesi tena. Kofia za mpira za kufunikia chupa hushika kwa muda mfupi tu. Zinafaa kwa bia itakayonywewa jioni ileile, basi. Ongeza bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, lisilo na sindano yenyewe, karatasi za kuchujia kahawa, mifuko mitupu ya chai, na beseni la kufanyia kazi ndani yake.

Njia ya kwanza: hopsi iliyolowekwa katika vodka

Ningemshauri kila mtu aanzie hapa, hata kama lengo lake ni kutia tembe moja kwa moja, kwa sababu njia hii inamwezesha kulinganisha aina za hopsi na vipimo vyake kwenye meza moja bila kuharibu chupa nyingi. Ponda gramu 5 za tembe ndani ya chupa safi ya kioo yenye kifuniko, mimina mililita 50 za vodka ya asilimia 40 isiyo na ladha nyingine, funga na uiweke kwenye friji kwa siku mbili au tatu ukiitikisa kila unapoikumbuka. Kisha ichuje kwa karatasi ya kahawa. Usishangae ukipata kioevu pungufu ya kile ulichomimina, maana tembe hunyonya sehemu yake, wala usiikamue karatasi kwa nguvu, kwani utakamua na ukakasi. Tumia pombe ya dukani yenye lebo peke yake. Gongo au chang'aa ina hatari ya methanoli, nayo haiondoki kwa kuchujwa wala kwa kuwekewa hopsi.

Kwa vipimo hivyo, kila mililita moja ya kioevu inawakilisha takriban gramu 0.1 ya hopsi. Mimina bia baridi mililita 200 katika glasi, tia nusu mililita kwa bomba, zungusha glasi taratibu, nusa, onja, kisha ongeza nusu nyingine mpaka ufikie mahali ambapo harufu ya hopsi inatangulia ile ya nafaka lakini haijaanza kuukwaruza ulimi. Kipimo hicho kiandike. Bia itapoteza ung'avu kidogo, kwa kuwa mafuta na utomvu vilivyoyeyuka katika pombe havipendi maji. Ukungu huo hauna madhara. Hesabu pia kilevi: mililita 5 za kioevu hiki katika chupa ya mililita 500 huongeza karibu asilimia 0.4, kwa hiyo Tusker ya asilimia 4.2 inakaribia 4.6.

Ubora mkubwa wa njia hii ni kwamba kioevu hakina chembe, na bila chembe bia haifumuki. Udhaifu wake ni kwamba harufu huja ikiwa kali na ya upande mmoja, yenye utomvu mwingi kuliko matunda, kwa sababu pombe hubeba hata vitu ambavyo bia baridi isingevichukua. Anayetaka harufu iliyojaa lazima atie hopsi yenyewe.

Iko pia njia ya kuloweka hopsi katika maji ya moto na kumimina chai yake ndani ya bia. Inafanya kazi, lakini lager nyepesi ikiongezwa maji haibaki na kitu, na sioni sababu ya kuitumia.

Njia ya pili: tembe ndani ya chupa

Hapa ndipo povu linapoanza kuleta matata. Bia ndani ya chupa ina hewa ukaa nyingi kuliko inavyoweza kuishikilia chupa ikishafunguliwa, na gesi hiyo hungojea tu mahali pa kujikusanya ili itoke. Tembe ya hopsi, yenye uso mkwaruzo na maelfu ya matundu madogo, ndiyo mahali penyewe. Ukiitumbukiza katika bia yenye joto la chumba, nusu ya chupa itakuwa mezani kabla hujafikia kisoda. Kinga yake ni baridi. Kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, lita moja ya maji katika nyuzi 0 hushika karibu lita 1.7 za hewa ukaa, lakini katika nyuzi 20 hushika karibu lita 0.9 tu. Basi weka chupa katika sehemu ya baridi zaidi ya friji usiku kucha, ikaribie nyuzi 1 au 2 bila kuganda, na tembe ziwe kwenye friza hadi dakika ya mwisho.

Pima gramu 1 ya tembe kwa chupa ya mililita 500. Hiyo ni sawa na gramu 2 kwa lita, kiasi cha wastani. Gramu 2 kwa chupa ni kiasi cha bia za Kimarekani zenye harufu nzito, na kwa lager nyepesi kinaweza kuzidi. Unaweza kudondosha tembe kama zilivyo, nazo hupita shingoni bila shida, au ukazitia katika mfuko wa chai uliochovywa katika maji yanayochemka na kupozwa, ukaukunja uwe mwembamba kama sigara. Mfuko hurahisisha kumimina baadaye, ila tembe hutanuka zikilowa, kwa hiyo uache nafasi ndani yake na usitarajie kuutoa shingoni ukiwa mzima. Mimi hupendelea tembe zisizofungwa, kwa sababu zinavunjika na kugusana na bia yote, na tope lake hutulia chini chupa ikisimama kwenye baridi.

Kila kitu kiwe tayari kabla ya kufungua: kisoda kiwe mdomoni mwa mashine, chupa iwe ndani ya beseni, tembe ziwe zimepimwa. Fungua taratibu, mimina mililita 40 hivi katika kikombe ili kupata nafasi, kisha dondosha tembe. Kwa sekunde moja au mbili huonekana kana kwamba hakuna kinachotokea. Halafu viputo vidogo vyeupe huanza kupanda vikiizunguka kila tembe, na povu la kijani hafifu hupanda shingoni. Usiogope wala usiwahi kufunga. Liache povu lifike mdomoni kabisa, lianze kuchungulia nje, ndipo uweke kisoda juu yake na kukigonga. Povu hilo limejaa hewa ukaa, na linapopanda huisukuma nje hewa ya kawaida iliyoingia ulipofungua.

Hatua hiyo ya kufunga juu ya povu ndiyo inayotenganisha bia nzuri na bia yenye ladha ya karatasi iliyolowa. Tuseme umefunga chupa ikiwa na nafasi ya mililita 30 za hewa ya kawaida. Hewa hiyo ina takriban miligramu 8 za oksijeni, yaani 16 kwa kila lita ya bia, ilhali viwanda makini hujitahidi oksijeni yote ndani ya chupa isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Hopsi ndiyo inayoumia kwanza: mafuta ya matunda hufifia, na mahali pake huja utamu mzito kama wa asali iliyochakaa. Povu haliondoi oksijeni yote, na hakuna mbinu ya nyumbani inayofikia usafi wa kiwanda, kwa hiyo bia hii ni ya kunywewa ndani ya siku chache, haifai kuwekwa akiba.

Rudisha chupa kwenye friji. Ipindue kichwa chini taratibu mara moja au mbili kwa siku ili tembe zilizotuama ziguse bia upya, wala usiitikise. Sehemu kubwa ya harufu hutoka katika saa 24 za kwanza hata kwenye baridi, na saa 48 zinatosha kwa aina nyingi. Baada ya siku tatu au nne, kinachoendelea kutoka ni ladha ya nyasi mbichi na ukakasi wa majani. Siku ya kunywa, isimamishe chupa saa kadhaa bila kuigusa, ifungulie juu ya beseni ikiwa baridi kabisa, na uinue kisoda kidogo tu upande mmoja. Gesi ikivuma kwa nguvu, kikandamize tena, ungoje, uinue tena. Mimina kwa mkupuo mmoja usiokatizwa, chupa ikiwa imelala, na usimame tope linapofika shingoni. Ukitumia chujio la chai utapata bia safi zaidi, lakini utapoteza gesi.

Kuonja kwa haki

Jaribio lenye chupa moja halimwambii mtu kitu, kwa sababu ukijua umeweka Citra utanusa embe hata kama halipo. Andaa chupa tatu za bia ileile, zenye tarehe moja ya kiwandani ikiwezekana. Ya kwanza usiiguse. Ya pili ifungue, mimina mililita 40, igonge kidogo ubavuni ili povu lipande, uifunge bila hopsi. Ya tatu itie hopsi. Chupa ya pili ndiyo ambayo watu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye jibu: bila hiyo huwezi kujua kama tofauti unayoionja imeletwa na hopsi au na hewa iliyoingia wakati wa kufungua.

Siku ya kuonja, mtu mwingine amimine bia katika vikombe vitatu visivyopitisha mwanga, viwili vikiwa na bia ya aina moja na cha tatu tofauti, nawe utafute kilicho peke yake. Kwa kubahatisha utapatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia kwa mpangilio mwingine kabla ya kuamini. Acha bia ipande hadi nyuzi 8 au 10. Ikiwa baridi mno mafuta hayanyanyuki, na kazi yote ya siku mbili haitanusika.

Hamira hai na tahadhari nyingine

Hopsi ina vimeng'enya vinavyovunja wanga uliobaki katika bia na kuugeuza sukari. Mwaka 1893 Horace Brown na G. Harris Morris walieleza nchini Uingereza kwamba hopsi inayotiwa katika pipa ina uwezo huo wa kuamsha uchachu upya. Katika bia iliyochujwa na kupashwa joto, hakuna hamira ya kuila sukari hiyo. Katika bia yenye tope la hamira, hali ni nyingine: hamira huamka, hewa ukaa huongezeka, na chupa iliyofungwa yenye joto inaweza kupasuka. Bia za namna hiyo zisitolewe kwenye friji hata kwa saa chache, na zinywewe ndani ya siku tatu. Kwa bia yoyote ile, usitumie chupa yenye ufa au mdomo uliomeguka. Chupa zetu huzunguka kati ya baa na kiwanda kwa miaka, na nyingine zimechoka.

Mafuta ya kunukia yanayouzwa kwa ajili ya ngozi au chumba, hata yakiandikwa kuwa ni ya hopsi, hayaingii kinywani. Chupa hizi ni za nyumbani pia. Kuuza bia uliyoifungua na kuitia kitu ni suala la leseni na viwango vya serikali.

Tembe zilizobaki zirudishwe katika mfuko wake, hewa ikamuliwe yote, mdomo ufungwe kwa utepe, na mfuko ukae kwenye friza, ambako hudumu kwa miezi mingi. Makapi yaliyotumika yasitupwe uani ikiwa nyumbani pana mbwa: hopsi, hata iliyokwisha kutoa harufu yake katika bia, inaweza kupandisha joto la mwili wa mbwa hadi kumuua. Yafunge katika mfuko na uyaweke kwenye pipa la taka lenye kifuniko.